Maziwa ya Kutia Jichoni

Mama alikuwa na jicho moja tu linaloona, la kulia, na kazi kubwa ya jicho hilo ilikuwa kutafuta makosa ya watu. La kushoto lilikufa akiwa msichana. Jani la mhindi lilimchanja akipalilia, jicho likavimba, likatunga usaha, na lilipopoa lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna mtu anayeweza kusema hakujua jicho hupotea vipi.

Kwa hilo lililobaki alishona sare za shule kwenye baraza ya duka katika soko la Tawa tangu nikiwa mdogo. Baba alipofariki, cherehani ndiyo iliyotulisha. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea, halafu anakutazama ahakikishe umeona. Ukimletea kitambaa ulichokata vibaya alikinyanyua mbele ya wateja, akakigeuza huku na huku, mpaka utamani kujificha chini ya meza. "Mimi niko na jicho moja na nimeona," alikuwa akisema. "Wewe mwenye mbili ulikuwa unaangalia wapi?" Nilimpenda, nilimwogopa, na kuna nyakati nilimchukia kabisa. Yeye aliogopa kitu kimoja tu. "Hii ikienda," alisema akigusa chini ya jicho lake, "msinipeleke mahali. Nizikeni tu." Hakuwa anatania.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Mbooni ndoa iliponishinda, nikawa nauza maparachichi na machungwa katika soko hilohilo la Tawa. Boma letu liko juu mlimani, unapanda mpaka magoti yanakulaumu. Tuliishi wanawake watupu: mama, mimi, na wifi yangu, mke wa ndugu yangu. Ndugu yangu huyo anafanya kazi katika kiwanda Athi River na huja mwisho wa mwezi, akikumbuka.

Wifi yangu ametoka Kalamba, kule chini kwenye joto, na kwa mama hilo peke yake lilitosha kuwa kosa. Sisi wa milimani tuna chemchemi na matunda, basi tunajiona watu. Mama akimkuta anachota maji alimwambia kwa sauti ya upole, "Usiyaangalie sana, msichana, haya hayaishi." Akiomba chumvi, aliulizwa kama kwao wameshaijua chumvi. Wifi alikuwa anacheka kidogo na kuendelea na kazi. Nilidhani ni mpole. Mama alidhani ni mjinga, na alisema hivyo akiwepo.

Alijifungua msimu wa mvua. Barabara ilikuwa imekatika na hakuna boda aliyekubali kumteremsha mwanamke mwenye uchungu katika ule utelezi, hivyo mtoto alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mama. Mvulana, mzima, analia vizuri. Wifi akamweka titini. Mama akayaangalia yale maziwa ya kwanza, dang'a, mazito na ya manjano, akamvuta mtoto.

"Hiyo ni usaha," alisema. "Kamua yote, mwaga huko nje. Huyu hatakunywa usaha nikiwa hai."

"Lakini, mwaitu, kliniki walituambia…" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyomwita sikuzote, hata akitukanwa.

"Kliniki imezaa wangapi?"

Wifi akakamua. Nilimwona amechuchumaa nyuma ya jikoni, bado anatetemeka, anakamua maziwa yake kwenye matope huku kuku wakikaribia kuona ni nini. Ndani, mama alikuwa anamlisha mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Alimshika vizuri, alimwimbia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuiona. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi.

Kabla mtoto hajafikisha mwezi alianza kuhara. Alihara mpaka macho yakazama na utosi ukabonyea, analia bila machozi. Mama na wifi walimkimbiza hospitali, na huko muuguzi akawaka. Yaliyosemwa nimeyajua kwa mama mwenyewe, maana alirudi akiyasimulia huku anacheka. Muuguzi alisema yale maziwa ya manjano ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto. Yanapaka utumbo wote kwa ndani, yanabeba kinga ya magonjwa ambayo mama yake ameshapigana nayo, na aliyeyamwaga amemwacha mtoto mlango wazi. Akauliza ni nani aliyeyamwaga.

"Nikamwambia ni huyu," mama alisema akimwonyesha wifi kwa kidole. "Nikasema, si unajua hawa wa siku hizi, wanaogopa titi kulegea."

Wifi aligombezwa mbele ya wodi nzima na hakujibu neno. Mtoto alipona. Mama aliipenda sana hadithi hiyo, akawa anawasimulia wateja huku anapima mabega ya watoto wao.

Kisha ugonjwa wa macho mekundu ukaingia kwetu. Ulianza na watoto wa shule, ukahamia kwa waendesha boda, ambao walivaa miwani ya jua hata kwenye ukungu, na kila nyumba ikawa na mtu anayeamka kope zimegandana kwa matongotongo. Watu waliufanyia mzaha. Ukimwona mtu amefura macho unamuuliza amelilia nini, kama ni bwana au ni njaa. Ni ugonjwa unaochekesha ukiwa na macho mawili.

Mama hakucheka, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi anavyoogopa. Alijitengea beseni, sabuni na taulo, akavitundika mahali ambapo hata mimi sikuruhusiwa kufika. Aliacha kusalimia watu kwa mkono. Mteja akija alimrushia futi ya kitambaa ajipime mwenyewe. Mtoto mmoja alikuja kuchukua kaptula macho yakiwa mekundu, mama akampigia kelele akiwa bado barabarani: "Simama hapo hapo na hiyo macho yako mchafu! Mamako hana maji?" Mtoto alisimama juani akilia mpaka mtu akamtupia kaptula yake. Ilikuwa aibu kuona, lakini jicho zima la mama lilibaki safi. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kilichomponza ni kanisa, au tuseme majivuno yake ndani ya kanisa. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama pale, na kwa sababu ya ugonjwa aliacha kuhudhuria. Wanawake wenzake wakapanda mlima kumtembelea. Walikaa, wakanywa chai, wakasifu mtoto, kisha mmoja wao, ambaye siku zote alikitaka kiti cha mama, akashusha pumzi.

"Tumekuja tu kukuona, mama. Maana watu wanasema umepoa."

"Mimi? Kupoa?"

"Wanasema unaogopa ugonjwa kuliko unavyomwamini Mungu. Sisi tumekataa. Lakini wanasema."

Ungemtukania mama yake mzazi asingeumia hivyo. Jumapili iliyofuata alivaa sare yake ya ushirika, akafunga kitambaa kichwani, akaniamuru nimfuate.

Mahubiri yalipoisha, mchungaji akaita wenye macho mekundu waje mbele waombewe. Nyuma yao wakaitwa wale ambao hawajaugua ila wanataka kukingwa. Wagonjwa wakatangulia, wakapanga mstari. Mchungaji alikuwa na kichupa kimoja cha mafuta na kidole gumba kimoja. Alichovya, akapaka jicho la kwanza, akapaka la pili, akaomba, akahamia kwa mtu mwingine, akachovya tena. Alipomaliza wagonjwa, kidole kilikuwa kinang'aa kwa mafuta na uchafu wa macho ya watu, nami nilikiona kwa sababu nilisimama karibu. Nikamvuta mama mkono.

"Mama, hicho kidole kimetoka kwa wagonjwa."

"Nyamaza. Watu wanaangalia."

Akainua uso. Akapakwa jicho lake zima, akapakwa na lile lililokufa. Yule mwanamke aliyekitaka kiti chake alipiga vigelegele. Sina ugomvi na maombi, na bado naenda kanisa lilelile. Ugomvi wangu ni na kile kidole, na zaidi ni na mama, aliyekuwa na akili ya kutosha kumfukuza mtoto wa watu barabarani lakini hakuwa na nguvu ya kurudi nyuma hatua moja mbele ya wanawake wenzake.

Kabla wiki haijaisha jicho lilikuwa jekundu kama nyanya. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Daktari, kijana mwenye subira, akamwangalia kwa tochi, akageuza kope, akasema huo ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa ya kuua.

"Jicho lenyewe linapigana, mama. Hiyo nyekundu unaona ni damu imekuja kusaidia. Na hayo machozi yanaosha na yanaua vidudu. Chemsha maji, yapoe, ufute na kitambaa safi. Usiweke kitu ingine ndani. Chochote. Itapona yenyewe."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

"Nimeshuka mlima yote hiyo nipewe maji?"

Alinyanyuka akatoka. Kijana akaniita nyuma yake, akaniambia nikiona anaumia sana, au mwanga unamchoma, au nikiona doa jeupe kwenye kile cheusi cha jicho, nimlete bila kungoja. Mama hakumsikia, alikuwa nje akiuliza watu kama huyo kweli alifaulu mtihani. Kwetu mtu akitoka hospitali bila kitu mkononi anajiona hajatibiwa, ameibiwa tu siku yake. Na ukweli wenyewe ni kwamba karibu wote walioshikwa na ugonjwa ule walipona bila kufanya kitu. Yule mtoto wa kaptula alipona, na sidhani kama kuna aliyejisumbua hata kumwosha uso.

Dawa inayojulikana kwetu kwa macho ni maziwa ya mama anayenyonyesha, yanayokamuliwa moja kwa moja jichoni yakiwa na joto lake. Mama alijua hivyo tangu utotoni na kila jirani alimkumbusha. Lakini kwenda kulala kwenye mapaja ya mke wa jirani, yeye kiongozi wa akina mama aliyepakwa mafuta juzi, kungekuwa kukiri mbele ya mlima mzima kwamba maombi hayakushika. Nyumbani kulikuwa na mmoja tu anayenyonyesha.

Alinituma mimi. "Mwambie akamue kwa kikombe, niletee."

Wifi alikuwa uani anachambua maharagwe. Alijibu kwa sauti ya kufika ndani. "Ya kikombe inapoa. Mwaitu aje mwenyewe."

Mama alikaa ndani asubuhi nzima. Kisha akatoka akipapasa ukuta, kope zimevimba, akajilaza kwenye mkeka, akaweka kichwa kwenye mapaja ya wifi. Wifi hakugusa blauzi yake.

"Unataka nini, mwaitu?"

"Si unajua."

"Sijui. Mimi ni mtu wa chini."

"Nataka maziwa."

"Haya yangu? Si mlisema ni usaha?"

 Machozi yalikuwa yanamtoka mama, ya ugonjwa au ya hasira, sikuweza kutofautisha. Moyoni nilisema, leo umepatikana.

"Nisaidie, mwanangu," mama akasema. Hakuwahi kumwita mwanangu kabla ya hapo.

Wifi akatoa titi la kushoto, akakunja uso, akakamua. Ya kwanza yaliruka yakaingia puani, ya pili mdomoni. Hakuharakisha kulenga. Mama alilala, kinywa kimefungwa, maziwa yanamtiririka shavuni mpaka sikioni, na aliponyanyuka alisema jicho limepata nafuu.

Ikawa ndiyo desturi yetu, asubuhi na jioni. Wifi alimnyonyesha mtoto kwanza kwa titi la kulia, bila haraka, akimpapasa kichwa, huku mama amelala kwenye mkeka anangoja kama mbuzi wa kukamuliwa, ingawa yeye ndiye aliyekuja kunywa. Mtoto akishiba ndipo linatoka la kushoto. Kila mara wifi alikunja uso akikamua, na mimi nilidhani ni kinyaa. Mama hakulalamika. Alianza hata kumsifu chakula chake, sifa za kulazimisha, na wifi alizipokea bila kujibu.

Lakini badala ya kupona, jicho liliharibika. Machozi mepesi yaliisha, yakaja mazito ya manjano yanayonuka. Mama akawa analala amegeukia ukuta na kunikataza kufungua dirisha. Alisema kuna kitu kinamchimba ndani ya kichwa. Siku moja alinikubalia nimwangalie kwenye mwanga, nikavuta kope, nikaona doa jeupe kwenye kile cheusi. Sikumwomba ruhusa. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, yeye akinitukana njia nzima, na jioni hiyo tulikuwa katika hospitali kubwa. Wifi alikuja nyuma yetu na mtoto. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akasema mwaitu atataka kumsikia mtoto.

Walimwekea dawa mchana na usiku, saa baada ya saa. Haikusaidia. Daktari wa macho akatuita kando ya kitanda, mama amefungwa bandeji, akasema kile kioo cha mbele cha jicho kimeliwa na kidonda mpaka kikatoboka, na jicho halitaona tena. Alisema virusi peke yake kwa kawaida havifanyi hivyo. Virusi vililikwangua tu, vikalidhoofisha, halafu kikaingia kidudu kingine kibaya zaidi, cha usaha.

"Kuna kitu mliweka?"

"Maziwa," nikasema. "Ya huyu."

Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi anatetemeka. Nilidhani ni baridi ya kuamka mapema. Muuguzi akamgusa shingo, akasema huyu ana homa, akavuta pazia na kumfungua blauzi. Titi la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, chuchu imepasuka, na muuguzi alipolibonyeza kidogo yalitoka maziwa na usaha pamoja.

"Hii imeanza lini?"

"Ni ya kitambo. Kabla ya mwaitu kuugua."

"Na ndiyo ulikuwa unaweka kwa jicho ya mtu?"

"Kliniki waliniambia nikamue nimwage," wifi alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuwa namwaga. Halafu mwaitu akaomba. Sikuona tofauti."

 Mimi nilimrukia wifi. Nilimshika nguo shingoni, nikamwambia atakufa huko kwao kwenye joto, atakufa na mikono yake michafu, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Mtoto akaanza kulia. Muuguzi alikuwa ananivuta nyuma nilipomsikia mama akisema kutoka kitandani:

"Wacha yeye."

Nikamwachia.

"Mtoto alikuwa ananyonya gani?" mama akauliza.

"Ya kulia, mwaitu," wifi akasema.

"Hiyo iko sawa?"

Wifi akamgeukia muuguzi. Muuguzi alimwangalia, akamkagua titi la kulia, akalibonyeza, akasema ni zima kabisa.

"Hii nyingine hujampa hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi," mama akasema. "Hapo ulifanya kazi ya mtu."

Nilisubiri matusi. Mwanamke huyu alikuwa amewavua watu nguo mbele ya wateja kwa sababu ya pindo lililokwenda upande. Nilitaka amtukane, amlaani, anipe sababu ya kumfukuza yule msichana mpaka Kalamba kwa miguu. Hakusema kitu kingine, na nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia wifi. Bado namkasirikia. Mtoto aliendelea kulia, na mama akageuza kichwa kusikiliza.

"Nipe huyo," akasema. "Na unawe mikono kwanza."

Wifi akanyanyuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwenye sinki lililo pembeni ya wodi. Alinawa kwa sabuni, polepole sana, kidole kimoja kimoja, na mama akabaki amenyoosha mikono upande ambao hakukuwa na mtu.